Pedi, Kipanya na Ukuta wa Makampuni

Wilaya ya Chamwino inapitiwa na reli mbili. Ya kwanza ni reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani, yenye upana wa milimita 1,000. Ya pili ni SGR, yenye milimita 1,435, ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Behewa la reli ya zamani haliwezi kuhamia kwenye reli mpya hata wakubwa wote wakikubaliana, maana magurudumu hayalingani na njia. Lakini Watanzania tumewahi kuishi na ukuta wa aina nyingine kabisa. Vodacom ilipoleta M-Pesa mwaka 2008, kisha mitandao mingine ikafuata, aliyetaka kumtumia pesa ndugu mwenye laini ya kampuni nyingine alitozwa zaidi, na ndugu huyo hakuona salio likiongezeka kwenye simu yake: alipokea namba ya siri ya kwenda kutolea fedha kwa wakala. Waya zilikuwepo, minara ilikuwepo, ila mkataba haukuwepo. Airtel, Tigo na Zantel walianza kuelewana mwaka 2014, Vodacom ikaingia Februari 2016, na leo mtoto aliyezaliwa mwaka huo haamini kwamba pesa iliwahi kukwama mpakani mwa laini.

Ukuta uliotenganisha wachezaji wa gemu za kufyatuliana risasi mtandaoni, mwenye PlayStation huku, mwenye Xbox kule, mwenye kompyuta pembeni, kwa miaka mingi ulielezwa kana kwamba ni wa aina ya kwanza, wa reli na magurudumu. Historia inaonyesha ulikuwa wa aina ya pili. Na hapohapo inaonyesha jambo ambalo washabiki wa uchezaji mtambuka, yaani wa wenye mashine tofauti kucheza pamoja, hawapendi kulisikia: ukuta wa makampuni ulipobomoka, nyuma yake kulikuwa na ukuta mwingine, wa mikono ya wachezaji wenyewe, na huo kwenye mashindano una sababu ya kubaki.

Tuanze na namna mambo yanavyofanya kazi. Katika gemu ya aina hii mwamuzi ni seva. Mashine ya mchezaji hutuma taarifa fupi mara nyingi kwa sekunde: amesogea hapa, ameangalia kule, amefyatua. Seva hukokotoa matokeo na kuwarudishia wote hali ya uwanja. Kwa seva, taarifa hiyo haina nembo ya aliyetengeneza mashine, mradi wote watumie toleo lilelile la gemu. Sharti hilo la toleo ndilo lililokuwa gumu mwanzoni. Mwaka 2000 gemu ya Quake III Arena ilipotoka kwenye Dreamcast ya Sega, wenye mashine hiyo waliweza kupambana na wenye kompyuta kupitia modemu ya simu. Lakini toleo la Dreamcast lilikuwa limefungwa kwenye diski, halikuweza kusasishwa, kwa hiyo mwenye kompyuta alilazimika kubaki na toleo la 1.16n. Aliyesasisha gemu yake alijitenga mwenyewe. Hata hivyo jambo lenyewe liliwezekana, na liliwezekana kabla kampuni ya Microsoft haijauza Xbox hata moja.

Kilichofuata ni miaka mingi ya makampuni kujifungia. Kila mtengenezaji wa konsoli, yaani mashine za gemu kama Xbox na PlayStation, alijenga mtandao wake, akaunti zake na duka lake, na alijua kwamba mtu hununua mashine waliyonayo rafiki zake. Ukuta ulikuwa biashara nzuri. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulijitokeza kwa bahati mbaya: Septemba 2017 wachezaji wa Fortnite waligundua kwamba wa PlayStation 4 na wa Xbox One wamekutana uwanja mmoja. Epic Games, wenye gemu hiyo, walisema ni hitilafu ya mpangilio, wakairekebisha. Yaani kazi ya uhandisi ilikuwa imekwisha, ikisubiri ruhusa tu. Ruhusa ilitoka mwaka uliofuata, Septemba 2018, Sony, wenye PlayStation, walipokubali kwa majaribio baada ya wachezaji kulalamika kwa miezi. Kisha mwaka 2021, katika kesi ya Epic dhidi ya Apple kule California, nyaraka zilionyesha kwamba Sony ilikuwa imeweka masharti ya fidia: watu wakicheza sana kwenye PlayStation huku fedha nyingi zikilipwa kwenye mashine nyingine, mwenye gemu anailipa Sony tofauti. Ukishaona kifungu cha fidia, huhitaji kumuuliza mhandisi tena kwa nini mambo yalichelewa.

Mpaka hapo hoja ni nyepesi, na wengi huishia hapo: ukuta wa biashara ni mbaya, ubomolewe, wote wacheze pamoja. Tatizo linaanza pale watu hao wanapofyatuliana kwa ajili ya daraja au zawadi. Mwenye kipanya cha kompyuta husogeza mkono, na shabaha husogea kwa kadiri ileile, papo hapo. Mwenye pedi ya konsoli hasogezi shabaha moja kwa moja. Kidole gumba chake kinaamua kasi ya kugeuka, halafu lazima kijue pa kusimamia. Mwenye simu hufanya yote kwa vidole viwili juu ya kioo kilekile anachotakiwa kukitazama. Hizi ni kazi tatu tofauti za mwili, na hakuna mkataba wa kuzilinganisha.

Watetezi wa kuwachanganya wote watajibu kwamba dawa ipo: usaidizi wa kulenga, ambao huipunguzia shabaha ya mwenye pedi kasi inapompitia adui, na katika gemu nyingine huizungusha kidogo imfuate. Ni kweli usaidizi huo huziba pengo, wakati mwingine kupita kiasi. Kwenye Apex Legends, iliyofungua uchezaji mtambuka Oktoba 2020, wachezaji kadhaa wa kulipwa waliweka kipanya kando wakashika pedi, kwa sababu katika mapambano ya karibu msaada wa programu uliishinda kasi ya mkono wa binadamu. Mwaka 2024 watengenezaji waliupunguza nguvu kwa wanaokutana na wachezaji wa kompyuta. Sasa tujiulize, mashindano gani hayo ambayo mshindi wake anategemea tarakimu ambayo kampuni inaweza kuibadilisha Jumanne ijayo? Wenye gemu wenyewe wameshatoa hukumu. Overwatch iliporuhusu uchezaji mtambuka Juni 2021, ilichanganya watu kwenye mechi za kawaida, ikawatenga wa konsoli na wa kompyuta kwenye mechi za daraja. Valorant ilipoingia kwenye konsoli mwaka 2024, Riot, wenye gemu hiyo, hawakuwakutanisha kabisa wa konsoli na wa kompyuta.

Pingamizi zito zaidi linatuhusu sisi. Ukiwagawa wachezaji kwa vifaa, watu wa maeneo yenye wachezaji wachache watasubiri mechi hadi wachoke, au watatupwa kwenye seva za mbali. Kutoka Dodoma hadi Johannesburg, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 2,400. Mwanga ndani ya mkongo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya milisekunde 24, na mkongo haunyooki: unashuka kwanza pwani, kisha unazama baharini. Ulaya ni mbali zaidi ya mara mbili. Mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika upande wa kusini tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilisuasua nchi nzima, na gemu zikaganda pamoja na kila kitu kingine. Seva hujaribu kufidia ucheleweshaji kwa kurudisha saa nyuma na kuangalia kile mfyatuaji alichokuwa akikiona kwenye kioo chake. Ndiyo maana mtu huuawa akiwa tayari amejificha nyuma ya ukuta. Kwa mchezaji wa Chamwino, kupunguziwa wapinzani wa karibu ni hasara halisi, na anayedai mgawanyo bila kuikubali hasara hiyo hasemi ukweli wote.

Lakini pingamizi hilo linasahau kifaa cha walio wengi. Huku kwetu gemu ya mtandaoni, kwa watu wengi, ni simu na bando. PUBG Mobile na Call of Duty: Mobile zimekuwa zikiwatenga wanaocheza kwenye simu na wanaoiga simu kwa programu ya kompyuta huku wameshika kipanya. Mechi hazikukosa watu, kwa sababu wenye simu ni wengi. Ambaye angeumia kwa kuwachanganya ni huyohuyo anayedaiwa kutetewa.

Ulinzi huo wa kuwatenga wachezaji kwa vifaa haujakamilika. Kuna vifaa vinavyochomekwa kwenye konsoli ili kipanya kijifanye pedi, mtu akapata wepesi wa kimoja na msaada wa kingine kwa pamoja. Ubisoft, katika Rainbow Six Siege, walianza mwaka 2023 kuwabaini wenye vifaa hivyo na kuwachelewesha makusudi. Wapo wanaosema kwamba kama udanganyifu hauishi, heri kuchanganya wote. Kwa mantiki hiyo ndondi nazo zingefuta mizani ya uzito, kwa kuwa wapo wanaoihadaa. Na kwa anayetaka tu kucheza na binamu yake mwenye kompyuta, Fortnite iliweka kanuni ilipofika kwenye simu mwaka 2018: wa simu walikutana na wa simu, lakini aliyejiunga na kikundi cha mwenye kompyuta alikwenda naye kwenye uwanja wa kompyuta, kwa hiari yake, akijua atakaowakuta huko.