Gari la Turubai Ukambani

Gari la kwanza kununuliwa na watu wa kawaida kwa mamilioni lilikuwa na paa la kitambaa. Ford Model T ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15, na kwa miaka mingi nyingi ziliuzwa zikiwa wazi, na paa la kukunja nyuma kama mwavuli. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 Wamarekani walikuwa wamehamia magari ya kufungwa, na polepole paa la kukunja likawa pambo la wenye pesa. Unalifungua jua likitoka, mji mzima ukuone.

Huku kwetu mambo yalienda kinyume. Paa la kitambaa lilikuja na serikali, likashuka kwa mwananchi, halafu likatoka barabarani. Na sijawahi kuona mtu wa Kanyangi akifungua paa la gari ili apigwe na jua. Jua tunalo la kutosha.

Nikiwa chuo, kabla sijaacha, nilisoma historia ya reli ya Uganda mpaka nikachoka. Turubai halikutajwa hata mara moja. Na bado, kwa mtu wa kijijini, serikali haikufika kwa treni. Ilifika kwa Landrova.

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilipatikana kwa mgao, kwa hivyo bodi ikaundwa kwa alumini, na juu yake turubai likatandazwa kwenye vyuma vilivyopindwa kama mbavu. Halikuwa pambo. Lilikuwa jepesi, na ukilivua unapakia mzigo mrefu au watu wenye bunduki. Miaka ya hali ya hatari, 1952 hadi 1960, magari ya aina hiyo ndiyo yaliyozungusha polisi na wanajeshi nchini. Ukiwauliza wazee wa huku kuhusu Landrova, wengi huanza na askari, sio na injini.

Lakini kitambaa kinahitaji mtu wa kukitunza. Hapo ndipo fundi anapoingia.

Turubai la zamani lilikuwa la pamba, na pamba ina siri yake. Likilowa, nyuzi zinavimba na kuziba vitundu vya kitambaa, maji yanashindwa kupenya. Ndiyo maana turubai jipya linaweza kuvuja mvua ya kwanza halafu likanyamaza. Lakini liguse kwa ndani mvua ikiendelea, uone: maji yanafuata kidole mpaka mapajani. Ukilikunja likiwa bichi, kuvu inaliozesha. Ukilifua kwa sabuni kali, unaondoa ile nta inayozuia maji. Na vumbi letu jekundu likikaa kwenye mikunjo, kila gari likitikisika linasugua kama msasa. Kwanza unalipiga brashi likiwa kavu. Maji baadaye.

Mzee mmoja jirani yetu, ambaye ameshona turubai tangu kabla sijazaliwa, aliniambia kitambaa sio cha kwanza kufa. "Angalia uzi, kijana wangu. Jua linakula uzi kwanza." Kweli, ukikagua turubai kuukuu utakuta kitambaa bado kina nguvu lakini mshono umeachana. Anayejua hushona upya mapema kabla upepo haujaanza kupasua. Asiyejua hununua turubai jipya.

Kubadilisha nako kuna akili yake. Mzee hapimi gari. Anafumua lile kuukuu, analitandaza chini, analifanya ramani. Lakini halifuati sawasawa: anaongeza vidole viwili kila upande, kwa sababu la zamani lilishakunywa mvua likajikaza. Mshono anaulaza uelekee chini ili maji yateremke. Cherehani ikifika kwenye pembe nene inakataa, basi anachukua shazia, ile sindano ya magunia, na kumalizia kwa mkono. Matundu ya sindano anayapaka nta ya nyuki, na nta Kitui haikosekani.

Ustadi huu ulipata wateja wapya baada ya 1973, Rais Kenyatta alipoamuru kwamba matatu zibebe abiria bila leseni ya magari ya umma. Mwenye pikapu akahitaji vitu viwili tu: mbao mbili za kukalia na turubai. Abiria walitazamana, magoti yakigongana, mbuzi katikati. Na gari likienda kwenye murram linavuta vumbi lake lenyewe ndani kupitia nyuma. Ukiteremsha pazia la nyuma, mnaiva. Ukilipandisha, mnafika kwa soko mkiwa rangi moja.

Wengi husema sheria ndiyo iliyoua turubai. Mimi naona gunia lilitangulia. Juu ya kitambaa huwezi kupakia mbaazi, maembe wala kreti za kuku, na mzigo ni pesa. Wenye magari wakaanza kuchomea bati na kereia juu. Sheria ya 1984 ilirudisha leseni, na kanuni za Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zikadai mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Mkanda utaufunga wapi kwenye ubao?

Sina hamu na pikapu zile, hapana. Gari likipinduka, turubai haliokoi mtu, na wanaozisifu sana siku hizi walikuwa wanakaa mbele na dereva.

Mzee bado anashona. Siku hizi ni maturubai ya malori ya mchanga, mahema ya harusi na matanga, na mara mojamoja Land Cruiser ya mtu kutoka ng'ambo ya Athi, upande wa Makueni. Nyingi ni za plastiki, zile haziozi ila jua huzikausha zikapasuka, na ndani zinatoa jasho. Kazi humjalia Oktoba, kabla ya mvua ya Novemba. Wote wanakuja wiki moja, wote wanataka Ijumaa.