Uma Ulipochekwa Uingereza

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, kabla sijaacha masomo, nilialikwa chakula cha jioni na wafadhili waliokuwa wakinilipia karo. Nikawekewa paja la kuku, kisu na uma. Nilipambana na lile paja weee, mwishowe nikalishika kwa mkono. Mwenzangu akaninong'oneza, "Buda, tuko na wageni." Nikaliacha. Usiku huo nililala njaa, na aibu juu.

Miaka kadhaa baadaye nikakutana na Thomas Coryat, vitabuni. Mwingereza huyu alipita Italia mwaka 1608, akakuta watu wakishikilia nyama kwa uma wanapoikata. Sababu aliyoitoa ni kwamba Mwitaliano hakutaka chakula chake kiguswe na vidole, maana vidole vya watu havilingani kwa usafi. Coryat akauiga mtindo huo, akauendeleza hata aliporudi kwao, na mwaka 1611 akayachapisha hayo kitabuni.

Unadhani alisifiwa? Alichekwa! Rafiki yake akampachika jina la Kilatini, Furcifer. Ukilivunja neno hilo unapata "mbeba uma", lakini maana yake ya kawaida ni mhuni.

Yaani Uingereza ya wakati huo, wa kuchekwa mezani alikuwa mwenye uma.

Si kwamba wenzake walikula ovyo. Mwaka 1530 Erasmus wa Rotterdam alitoa kitabu cha kufundisha watoto adabu. Aliwaonya wasilambe vidole vyenye mafuta wala wasivifute kwenye nguo, watumie kitambaa. Hapo anaongea na watu wanaokula kwa mkono. Mkono ulikuwa na sheria zake, kama ulivyo nazo Pwani kwetu, ambako watu wakizunguka sinia la pilau hula kwa mkono wa kulia, kila mmoja akila upande wake.

Uingereza ilipotangaza himaya yake hapa mwaka 1895, haikuwa imetimia hata miaka 300 tangu Coryat achekwe. Uma waliokuja nao kama alama ya ustaarabu, babu zao waliuona kichekesho.

Sina ugomvi na uma. Siku hizi naujua vizuri tu. Lakini nikialikwa tena na kuku akawa mezani, nitauliza swali moja: maji ya kunawa yako wapi?