Mchezo wa njeo: Kiingereza kilicheza, Kiswahili kikakariri

Walimu vijana wanaofanya mazoezi ya kufundisha Kangemi na Kawangware huniambia kwamba kufunza njeo za Kiingereza kwa michezo ni jambo jipya lililoletwa na mtaala wa CBC. La hasha! Mambo haya yana zaidi ya miaka sitini jijini humu.

Mwaka 1957 Wizara ya Elimu ilianzisha Kituo Maalumu jijini Nairobi, na mpango wa kusomesha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ukajaribiwa kwanza miongoni mwa watoto wa Kihindi. Baadaye uliingia shule za Waafrika kwa jina la New Primary Approach, nayo Tume ya Ominde ikauunga mkono mwaka 1964. Kilichowavutia wengi ni ile namna yake: watoto waliacha kukaa kimya, wakashika vitu, wakaigiza, wakaimba.

Mimi ni zao la mpango huo. Mwalimu alimtuma mtoto mlangoni, naye huku akitembea alisema, “I am going to the door.” Akishaufungua: “I have opened the door.” Njeo zilituingia kupitia miguuni.

Hata hivyo, kuna mahali mchezo huo haukufika. Tunaposema ‘mtoto amelala’, tuna maana kwamba yuko usingizini sasa hivi. Kiambishi -me- hubeba tendo lililokwisha, na pia hali iliyobaki baada yake. Ndiyo maana mtoto wa Kangemi alisema “the baby has slept”, ilhali mwalimu alitaka “is sleeping”. Hata leo utayasikia hayo katika ofisi za Westlands na Moi Avenue. Tulikatwa alama miaka nenda miaka rudi bila kuelezwa kosa linatoka wapi.

Kulieleza kungehitaji Kiswahili kiruhusiwe darasani. Weee! Katika shule nyingi, aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani alivishwa kidude shingoni, akakipitisha kwa atakayenaswa baada yake. Aliyebaki nacho jioni alichapwa. Huo nao ulikuwa mchezo, ati.

Kiswahili chenyewe kilibaki somo la kukariri, na hakikutahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi hadi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Mitaani watoto walijiundia njia yao: ‘yeye huja’ ikawa ‘yeye anakujanga’. Wasahihishaji huuita uvivu. Mimi nakataa. Kikuyu kina -aga na lahaja kadhaa za Kiluhya zina -anga kwa tendo la mazoea. Mtoto alibeba sarufi ya kwao tu.

Basi mwalimu ajaribu hivi. Mtoto mmoja ajishushe polepole kitini, darasa liseme ‘anaketi’. Akitulia, ‘ameketi’. Kisha wayaseme hayo kwa Kiingereza: “she is sitting down”, halafu “she is sitting”. Waache wabishane kwa nini lugha moja imebadilisha kiambishi na nyingine imedondosha neno tu. Kipindi kikiisha kabla hawajaafikiana, waendelee kesho.