Mchana Kiwandani, Usiku Opera: Watu wa Cape Town Waliotangulia Kabla ya Pretty Yende

Tarehe 6 Mei 2023, siku Mfalme Charles wa Uingereza anavishwa taji, mitandao ilijaa picha za dada mmoja mweusi aliyevaa gauni la njano linalowaka kama jua la saa sita. Alisimama Westminster Abbey mbele ya wafalme, marais na mastaa, akaimba, na watu wakaanza kuulizana: huyu ni nani? Ni Pretty Yende, mtoto wa Piet Retief, Afrika Kusini. Mwafrika wa kwanza kuimba peke yake kwenye sherehe ya kutawazwa mfalme wa Uingereza.

Stori yake imeshasimuliwa sana. Akiwa na miaka 16 alikuwa nyumbani anaangalia TV, likapita tangazo la shirika la ndege, nyuma yake wanawake wawili wanaimba kitu ambacho hajawahi kukisikia. Kesho yake akamuuliza mwalimu shuleni ile ni nini. Akajibiwa: ile ni opera.

Stori tamu, hakuna ubishi. Shida yake ni moja tu. Ukiisikia unaweza kudhani opera imefika kwa watu weusi wa Afrika Kusini kwa bahati, kupitia tangazo la ndege. Kumbe miaka zaidi ya 40 kabla ya lile tangazo, mjini Cape Town kulikuwa na kundi la mafundi cherehani, wafanyakazi wa viwandani, walimu na watumishi wa majumbani waliokuwa wanapiga opera nzima nzima, kwa Kiitaliano, na ukumbi unajaa. Ukiwataja majina leo hakuna wa kushtuka. Kundi lao liliitwa Eoan.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1933, kwenye mtaa wa District Six, mama mmoja wa Kiingereza anaitwa Helen Southern-Holt alianzisha kikundi cha kusaidia watu wa pale. District Six ulikuwa mtaa wa kila aina ya watu, ila wengi ni wale ambao serikali ya nchi ile iliwaita Coloured, yaani machotara: siyo weupe, siyo weusi, wamewekwa kundi lao peke yao kwenye makaratasi. Kikundi kilianza na masomo ya kuongea Kiingereza cha kunyooka, baadaye ikaja ballet, mazoezi ya viungo na kwaya. Kiukweli ile ishu ya kuwafundisha watu kuongea "vizuri" ina harufu ya kikoloni, na waliosema hivyo hawakukosea. Lakini watu walikuja, wakaleta na watoto.

Mwaka 1943 kwaya ikapata kiongozi mpya, Joseph Manca. Huyu naye hakuwa profesa wa muziki. Alikuwa mtu wa hesabu, kaajiriwa na halmashauri ya jiji, muziki anaupenda tu. Akaikuta kwaya ndogo, akaanza kuipandisha taratibu, kazi ngumu baada ya kazi ngumu, miaka 13. Halafu Machi 1956, City Hall ya Cape Town, wakapandisha La traviata.

Kwa asiyejua, opera ni igizo ambalo karibu maneno yote yanaimbwa, tena kwa kawaida bila maiki. Mwimbaji anatakiwa sauti yake ipite juu ya okestra nzima na imfikie aliyekaa siti ya mwisho kabisa. La traviata ya Verdi inamhusu Violetta, mwanamke wa starehe wa Paris, mgonjwa wa kifua kikuu, anayempenda kijana wa familia ya heshima. Baba wa kijana anamfuata na kumwomba amwache mwanawe kwa sababu anawachafulia jina. Anakubali. Anakufa. Sasa hebu fikiria hiyo stori inaimbwa na watu ambao sheria ya nchi yao inasema hawafai kukaa benchi moja na mzungu. Haikuhitaji mtu wa kuwaelezea maana yake.

Waliwezaje? Wengi wao hawakuwa wanajua kusoma nota. Walishika sehemu zao kwa masikio, mstari kwa mstari, mpaka zikaganda kichwani, na Kiitaliano hawakijui. Yote hayo baada ya saa za kazi. Mtu ametoka kiwandani kushona tangu asubuhi, anapanda basi kwenda mazoezini, anarudi usiku, kesho alfajiri yuko tena kwenye cherehani. Okestra iliyowapigia muziki ilikuwa ya jiji, na wanamuziki wake walikuwa wazungu. Yaani chini ya jukwaa wazungu wanalipwa mshahara, juu ya jukwaa machotara wamekuja na uchovu wao wa mchana.

Baada ya hapo ikawa moto. Rigoletto, Madama Butterfly, La bohème, Carmen, zote walizipiga. Mwaka 1960 na tena 1965 wakafanya ziara kuzunguka Afrika Kusini. Na wazungu wa Cape Town nao walikuja kuwasikiliza, wakapiga makofi, wakarudi kwenye mitaa yao.

Hapo sasa ndipo penye kidonda.

Opera ni ghali. Mavazi, ukumbi, okestra, vyote pesa. Eoan wakapokea ruzuku ya idara ya serikali iliyoshughulikia machotara, serikali ileile ya makaburu. Na pesa ilikuja na masharti: watazamaji watenganishwe kwa rangi. Sehemu ya jamii yao, hasa walimu na wanasiasa waliokuwa wanapinga ubaguzi, ikakasirika. Kwao, kuimba kwa pesa ya mbaguzi mbele ya watu waliogawanywa kama mifugo kwenye zizi ilikuwa kumsaidia mbaguzi apendeze. Wakawasusia. Ndiyo maana mwimbaji wa Eoan angeweza kushangiliwa ukumbini na mzungu asiyemjua, halafu mtaani jirani yake akamwona msaliti.

Nani alikuwa sahihi? Leo ni rahisi kuhukumu ukiwa na simu mkononi. Waliosusia walikuwa na hoja nzito, na historia iliwapa haki: ile serikali haikulainika hata kidogo kwa sababu ya Verdi. Ila na waimbaji nao wana lao. Kama una sauti moja, ujana mmoja, na jukwaa lililopo ni hilo peke yake, unasubiri nchi ibadilike ndiyo uimbe? Nchi ilibadilika 1994. Aliyekuwa na miaka 25 usiku wa La traviata alikuwa na 63.

Na uungwana wao haukuwaokoa. Mwaka 1963 serikali ilianzisha mabaraza ya sanaa ya majimbo, yenye kampuni za opera na ajira za kudumu, kwa ajili ya wazungu. Mwaka 1966 District Six ikatangazwa eneo la wazungu, na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa, nyumba zikabomolewa. Eoan nao wakaondoka, wakaenda Athlone, ambako ukumbi wao mpya, Joseph Stone, ulifunguliwa 1969.

Halafu ukaja mwaka 1971. Mmoja wa vijana wa Eoan, mwimbaji wa tena Joseph Gabriels, alikuwa ameenda Italia kujinoa. Mwaka huo akasimama Metropolitan Opera ya New York, akaimba Canio kwenye Pagliacci, Mwafrika Kusini wa kwanza kuimba kwenye nyumba ile. Mwaka huohuo Cape Town ikafungua jumba jipya la opera la kifahari, Nico Malan, la wazungu tu. Kwa hiyo Gabriels alifaa kuimba New York, lakini kwenye mji wake hakuruhusiwa hata kununua tiketi ya siti ya nyuma. Jumba lilikuja kufungua milango kwa rangi zote 1975. Mwaka huo Eoan walienda ziara Uingereza, na opera yao ndiyo ilikuwa inaelekea ukingoni.

Ukiangalia vizuri utaona walichokosa. Jukwaa walilipata, japo la kuombea kibali. Hawakupata shule ya kuwapokea na kazi ya kuwalipa. Vitu hivyo vilianza kuja miaka ya 1990, Cape Town Opera na chuo cha muziki cha Chuo Kikuu cha Cape Town walipoanza kutafuta na kufundisha sauti kutoka kwenye kwaya za mitaa ya watu weusi. Na sauti zilikuwepo tele. Kwaya za kule zimelelewa na solfa za wamisionari, ileile do, re, mi ya ubaoni ambayo mtu yeyote aliyepita kwaya ya kanisa, iwe Moshi au Kakamega, anaijua. Kwenye mashindano yao walikuwa wanaimba vipande vya opera zamani sana, tofauti ni kwamba hakuna aliyekuwa anawaita waimbaji wa opera.

Yende alipita chuo hicho. Mwalimu wake wa sauti, Virginia Davids, mwenyewe alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza wasio wazungu kupanda majukwaa ya opera Afrika Kusini enzi za ubaguzi. Januari 2013 Yende akaimba Metropolitan kwa mara ya kwanza. Akajikwaa kwenye ngazi, akaanguka mbele ya ukumbi mzima, akainuka akaimba, na mwisho watu wakasimama kumshangilia.

Makaratasi ya Eoan yalikaa kwenye ukumbi wa Joseph Stone kwa miaka: programu, barua, picha za watu wamevaa magauni ya Paris ya kuigiza. Mwaka 2008 yakahamishiwa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, wazee waliobaki wakatafutwa na kuhojiwa, na 2013 kikatoka kitabu kwa maneno yao wenyewe. Jengo la Athlone bado lipo. Watoto wanafundishwa dansi humo.