Nani Anahesabiwa? Lugha ya Habari za Vifo vya Vita Katika Pwani ya Kilwa na Lindi, 1905–1917



1. Utangulizi

Habari ya vita hupimwa kwa idadi ya waliokufa. Inapotangazwa, wasomaji hugawanyika: wako wanaosema idadi imepunguzwa ili kuficha aibu ya serikali, na wako wanaosema imeongezwa ili kuichafua. Lawama hizo zina uzito wake. Hata hivyo, hoja ya mhadhara huu ni kwamba upendeleo huitangulia idadi. Huanza katika jina analopewa marehemu kabla hajahesabiwa, na katika kitenzi kinachoeleza kifo chake. Kwa sababu hiyo suala hili si la wanahistoria peke yao. Ni letu pia sisi tunaoshughulika na lugha. Mifano nitaitoa katika pwani ya Kilwa na Lindi pamoja na bara yake, kwa kuwa huko ndiko zilikopiganwa vita mbili ambazo hesabu zake bado zinabishaniwa.

2. Majina matano na maelfu yasiyo na jina

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro. Siku kumi baadaye, karibu na Liwale, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Habari ya vifo hivyo vitano ilifika Ulaya, na majina ya wote watano yanajulikana hadi leo. Hilo ni haki yao. Swali ni kwa nini Wamatumbi na Wangindo waliokufa katika miezi hiyo hiyo hawakuandikiwa orodha yoyote.

Hesabu ya serikali ya Wajerumani yajibu swali hilo kwa umbo lake. Kwa upande wao waliouawa walitajwa kuwa Wazungu 15, askari 73 na rugaruga 316. Tazameni mpangilio huo: wa kwanza wana majina na vyeo, wa pili wana namba na mshahara, wa tatu ni wasaidizi waliokusanywa kwa ajili ya vita tu. Kundi la nne, yaani watu wa nchi yenyewe, halimo katika orodha. Liliwekwa kando chini ya neno moja, "waasi", na baadaye likakadiriwa kuwa na vifo 75,000. Namba 15 ni ya mtu aliyehesabu. Namba 75,000 ni ya mtu aliyekisia.

Neno "mwasi" nalo lina hukumu ndani yake. Haliwezekani bila kukubali kwanza kwamba yupo mtawala wa haki aliyeasiwa. Msomaji wa Kiswahili wa wakati ule, mwalimu au karani, alikuwa na gazeti la Kiongozi, lililochapwa Tanga chini ya mkono wa serikali hiyo hiyo. Mtu wa Umatumbi hakuwa na gazeti la kumjibu. Tukiendelea leo kuandika "waasi" bila alama za mtajo, tunaendeleza msamiati wa upande mmoja, hata kama nia yetu ni kuwatukuza wapiganaji.

3. Kufa na kuuawa

Upendeleo mwingine umejificha katika kauli ya kitenzi. Kapteni Wangenheim alimshauri Gavana Gustav Adolf von Götzen kwamba njaa ndiyo pekee itakayoleta utii wa mwisho, maana mapigano peke yake hayatoshi. Vijiji vilichomwa, ghala zikaporwa, mashamba yakaharibiwa. Waliokufa kwa njaa waliwazidi sana waliokufa kwa risasi.

Basi tutaandika nini? Tukisema "walikufa kwa njaa", kitenzi hakimtaji mtenda. Njaa yaonekana kama ukame au nzige. Tukisema "waliuawa kwa njaa", kauli ya kutendwa inamwita mtenda, na msomaji atauliza ni nani. Sarufi ya Kiswahili inatupa kauli zote mbili, na kuchagua moja ni kutoa ushahidi. Ripoti nyingi za vita, za jana na za leo, huwatia katika hesabu ya vita wale waliopigwa risasi tu. Kwa njia hiyo aliyeamuru mashamba yachomwe hutoka mikono mitupu, bila ya yeyote kusema uongo hata mmoja.

4. Mizani ile ile kwa upande wetu

Haki yatudai tuipime na hesabu yetu wenyewe. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee. Gilbert Gwassa, mtafiti mkuu wa vita hivi, alikadiria vifo kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Makadirio haya yanaingiza njaa na maradhi, na hapo yana ubora kuliko yale ya serikali. Lakini nayo yalizaliwa katika miaka ya kujenga taifa, Majimaji ilipotazamwa kama chimbuko la umoja wetu. Kuyataja kama hesabu ya vichwa ni kosa lile lile kwa mkono mwingine.

Pia yafaa tuwakumbuke waliopotea katikati. Tarehe 31 Julai 1905 wapiganaji walichoma makazi ya wafanyabiashara huko Samanga, na maakida wa pwani walikuwa miongoni mwa walengwa wa kwanza. Ndiyo maana Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliotolewa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, usomwe kwa uangalifu. Ni kazi ya mtu wa mji wa pwani. Hatuwezi kuugeuza kuwa sauti ya Umatumbi, wala hatuna haki ya kuutupa kwa sababu siyo.

5. Mahiwa, 1917

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Lindi. Kutoka Mtanda na mitaa mingine ya mji huo hadi Mahiwa ni safari isiyomaliza nusu siku. Huko, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, jeshi la Waingereza lilipoteza takriban watu 2,700 kati ya 4,900, na la Wajerumani kati ya 500 na 600. Paul von Lettow-Vorbeck alipandishwa cheo kuwa Meja Jenerali.

Neno "lilipoteza" nimelitumia kwa makusudi. Kiingereza kina neno moja linalojumuisha waliokufa, waliojeruhiwa na waliotoweka. Kiswahili hakina, na wafasiri wetu mara nyingi huliandika "waliokufa". Hivyo majeruhi huzikwa na mfasiri. Aidha, tukiandika kwamba "Wajerumani waliwashinda Waingereza", tunafuta ukweli kwamba wengi waliomwaga damu pale walikuwa Waafrika: Wanigeria na Keya upande mmoja, askari wa Wajerumani upande wa pili.

Chini ya wote walikuwa wapagazi. Wapagazi waliokufa katika utumishi wa Waingereza hukadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na lishe duni. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kusema hivyo. Lugha ilikuwa imesema mapema: jina la kikosi chao lilitamkwa na wenyeji wa Dar es Salaam likawa Kariakoo, na maelfu hulitaja kila siku bila kujua kwamba wanawataja wapagazi.

6. Hitimisho

Napendekeza basi tuiulize kila habari ya vifo vya vita maswali manne. Nani amehesabu? Marehemu wamehesabiwa chini ya jina gani? Ni kifo cha aina gani kilichokubaliwa kuwa cha vita? Na kitenzi kimemtaja mtenda, au kimemficha? Maswali haya hayatamrudishia mtu wa Nandete jina lake. Yatatuzuia tusimfute mara ya pili, safari hii kwa kalamu zetu wenyewe, katika kamusi, vitabu vya shule na magazeti tunayoyahariri.