Mwandishi Mkimya wa Ukerewe

Hapa kwetu Rwambuzi kijana akikaa peke yake na daftari lake, twasikia majirani wakinong'ona: "Huyu ana kiburi." Wengine husema vibaya zaidi, kwamba anaficha jambo. Je, ndivyo ilivyo? Na tutazame habari za Mkristo mmoja.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Viktoria, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Mapadri Weupe, waliofanya kazi huku Bunia pia, walimsomesha katika seminari ya Rubya. Upadri hakuufikia. Akarudi kwao, akamwoa Anna Katura, akaitumikia misioni ya Kagunguli. Walijaliwa watoto, lakini wote walikufa.

Huzuni ya namna hiyo yaweza kumfunga mtu kinywa. Kitereza alishika kalamu. Mwaka 1945 alimaliza kitabu kirefu kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka waliokosa mtoto. Wakwe wamchukua binti yao, naye Myombekere atafuta pombe ya ndizi ili arudishiwe mke. Ndani ya kitabu hicho mna kulima, kuvua, kuganga, kusalimiana, kugombana na kupatana. Nyumba ya mwandishi ilikuwa haina mtoto, lakini kurasa zake zimejaa watu.

Basi, maneno hayo hakuyaokota katika upweke. Mambo ya wazee hujulikana kwa kuketi nao na kuwasikiliza. Lakini kuyaandika ni kazi ya mtu peke yake, wala hapana awezaye kuandika huku akizungumza na kila apitaye njiani. Kwa hiyo ukimya wa mwandishi si kuwachukia watu. Ni kuwakumbuka.

Kitereza mwenyewe alikifasiri kitabu chake kwa Kiswahili. Kilitolewa na wachapishaji wa Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukimaliza, naye akafariki mwaka 1981.

Sisi wa Ituri, vita imewatawanya wazee wetu, na wengi wamezikwa pamoja na habari zao. Wazazi, mkiona mtoto mkimya mwenye daftari, msimcheke. Mpelekeni kwa babu na bibi akasikilize. Kisha mwacheni aandike. Wahenga walisema: Kimya kingi kina mshindo mkuu.