Lolita (mtindo wa mavazi)

Lolita ni mtindo wa mavazi ya mitaani uliochipuka Japani katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 na kushamiri hasa katika eneo la Harajuku, Tokyo. Msingi wake ni umbo: sketi iliyotunishwa kwa sketi ya ndani na kufika magotini, blauzi yenye lesi, soksi ndefu na pambo la kichwani. Umbo hilo huazima vipengele vya mavazi ya Ulaya ya zama za Rokoko na za Malkia Victoria.

Kwa kuwa umbo halibadiliki sana, matawi ya mtindo huu hutofautishwa zaidi kwa rangi, kitambaa na nakshi. Lolita ya kigothi hutawaliwa na rangi nyeusi na misalaba. Ilienezwa na Mana, mpiga gitaa wa bendi ya Malice Mizer, aliyeanzisha chapa ya Moi-même-Moitié mwaka 1999. Lolita tamu hupendelea waridi na rangi nyingine nyororo, pamoja na picha za keki na matunda, kama zilivyo nguo nyingi za chapa ya Angelic Pretty. Lolita ya kiklasiki huchagua rangi tulivu na maua madogo.

Yaweza kudaiwa kwamba migawanyo hii ni mbinu ya biashara tu. Ni kweli chapa ziliichochea, lakini jarida la Gothic & Lolita Bible, lililoanza mwaka 2001, lilichapisha pia vielelezo vya kukatia nguo, na wapo wavaaji wanaojishonea au kuchanganya matawi. Kwa hiyo mipaka ya matawi huamuliwa na wavaaji pia, si wauzaji peke yao.